Maziwa ya Saa Nne

Jumatatu, 4 Machi

Mvua zimeanza, na pamoja nazo imeanza harufu. Ofisi yangu imepakana na chumba cha tangi la kupozea, na leo asubuhi nilipofungua mlango nilipokewa na uvundo wa maziwa yaliyochacha hadi nikarudi nje kuvuta pumzi. Naandika humu kwa sababu mume wangu ameniambia waziwazi kwamba hataki tena kusikia habari za maziwa wakati wa kula, na wakati mwingine wote amelala.

Kazi yangu si ngumu, ni ya kuchosha tu. Maziwa yanaletwa kituoni na malori mawili, moja la njia ya Juu na moja la njia ya Bondeni. Debe la kwanza likipakiwa, dereva ananitumia ujumbe. Lori likiingia getini, mlinzi anaandika saa. Mimi naingiza nyakati hizo mbili kwenye hifadhidata iliyomo ndani ya kompyuta yangu, nayo inapiga hesabu yenyewe kwamba maziwa yamekaa njiani saa ngapi. Ikisema tatu au chini yake, mstari unakuwa wa kijani, na maziwa yanakwenda kupimwa. Ikisema nne, mstari unakuwa mwekundu, na maziwa yanamwagwa bila hata kunuswa.

Sheria iliyobandikwa ukutani inasema maziwa yasizidi saa tatu na nusu njiani. Kompyuta haijui nusu. Fundi aliyekuja kuiweka alisema nusu zitatusumbua, tatu ni halali na nne ni haramu, akanywa soda yake akaondoka. Hatujamwona tena.

Leo Juu imetoka nyekundu. Madebe yote yamemwagwa mferejini, na mfereji unapita chini ya dirisha langu.

Jumatano, 6 Machi

Juu nyekundu tena. Dereva wake anaitwa Taratibu, na jina limemkaa. Anaingia ofisini na mabuti ya tope, anaegemea meza yangu, anapiga chafya bila kuziba pua, halafu anauliza, "Wanangu wameamkaje?" Wanawe ni madebe. Nikimwambia yamekuwa mekundu anakuna kidevu chenye mvi za siku tatu na kusema, "Haya, tumshukuru Mungu tumefika." Anamshukuru Mungu kwa maziwa yaliyomwagwa. Baada ya kutoka nimefuta meza mara mbili.

Dereva wa Bondeni ni Umeme. Shati limepigwa pasi, tope halimpati, sijui huwa anaruka. Yeye ni kijani kila siku.

Jumatatu, 11 Machi

Hakukunyesha. Zote kijani. Nimepata usingizi mchana.

Ijumaa, 15 Machi

Nyekundu siku ya tatu mfululizo kwa Juu, na leo simu imelia hata printa haijamaliza kutoa karatasi. Alikuwa Shangazi, dada yake baba, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa. Anaishi huko Juu, ana ng'ombe wawili, na debe lake ndilo la kwanza kupanda lori la Taratibu.

"Ni wewe unayemwaga maziwa yangu?"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nimekuuliza kitu."

"Si mimi. Yanakaa sana njiani. Kompyuta imeonyesha saa nne."

"Saa nne kutoka wapi? Taratibu akifika kwangu hazimi hata injini. Anakuta debe liko barabarani, mimi nimesimama pembeni yake."

"Labda anasimama mbele."

"Anasimama kufanya nini? Huko mbele kuna harusi?"

Nilimwambia kwamba mashine haina sababu ya kumwonea mtu. Alisema anakata majani kwenye mvua, magoti yanamuuma, na kama mpaka mvua ziishe maziwa yake yatakuwa ni ya kunyweshwa vyura, basi atawauza ng'ombe wote wawili na kukaa kimya. Shangazi hatishi mtu. Akisema atauza, atauza, na bila ng'ombe wale sijui ataamkia nini. Hana mume, hana mtoto wa kumzaa, ana mimi, na mimi ndiye mwenye karatasi nyekundu.

Nilikata simu nikiwa nimemchukia Taratibu kwa roho yangu yote. Mtu mzima na mabuti yake anapiga soga njiani huku maziwa ya mwanamke wa watu yanaoza nyuma yake.

Jumanne, 19 Machi

Afadhali hapa yuko Mpimaji, la sivyo ningekwishaacha kazi. Ndiye mtu pekee msafi katika jengo zima. Koti lake jeupe ni jeupe kweli, kucha zimekatwa, ananukia sabuni. Yeye ndiye anayepima maziwa ya kijani kabla hayajaingia kwenye tangi, na anayapima bila kukunja uso, jambo ambalo mimi singeliweza hata kwa kulipwa mara tatu. Leo aliniletea kichupa cha mafuta mazuri nipake chini ya pua.

"Utazoea, mdogo wangu," aliniambia. "Mimi mwenyewe nina ng'ombe nyumbani, nimezoea."

"Wako njia gani?"

"Bondeni. Sisi wa Bondeni tunajua kuwahi. Hao wa Juu wanaamka wanapojisikia, kisha wanalaumu barabara."

Nilitaka kumwambia kuhusu Shangazi, nikaona aibu, nikacheka tu.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Nyekundu. Funza wameonekana mferejini.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Nyekundu. Shangazi hapokei simu zangu.

Jumanne, 2 Aprili

Nimeoga mara mbili na bado nainusa harufu kwenye nywele.

Leo asubuhi tangi limefunguliwa ili lori la mnunuzi lipakie, na maziwa hayakutoka. Yalikuwa yamekatika. Yalitoka maji ya kijani kwanza, halafu mabonge, mabonge yakaziba bomba, na mlinzi aliyetumwa kuzibua alitapika papo hapo, juu ya viatu vyake mwenyewe. Dereva wa mnunuzi aliangalia, akapanda garini, akaondoka na tangi tupu bila hata kuaga. Kina mama wa usafi walisukuma ule uji kwa mafagio hadi mferejini, na mfereji ukafurika mpaka kizingiti cha mlango wangu.

Meneja alituita wote chini ya paa la kupakulia. Meneja wetu ni mtu wa karatasi. Anapenda ripoti yangu kwa sababu ina rangi, na mara nyingi huibandika ukutani bila kuisoma. Leo aliishika mkononi akaipunga mbele ya pua ya Taratibu.

"Mwezi mzima nyekundu. Mwezi mzima. Sasa umetuharibia tangi."

Taratibu alivua kofia. Mvua ilikuwa ikimchuruzika shingoni.

"Meneja, mimi jana maziwa yangu mlimwaga. Juzi pia mlimwaga. Kwenye tangi yameingiaje?"

"Usinijibu."

"Sikujibu, nauliza."

"Mwisho wa mwezi njia ya Juu tunaifunga, na wewe utatafuta pa kuendeshea hiyo taratibu yako."

Watu wachache walicheka. Mpimaji alikuwa amesimama nyuma yangu, akaninong'oneza kwamba mzee anajitia ujinga. Nami nilikuwa tayari kucheka, mdomo ulikwisha funguka, ndipo swali la yule mzee lilipoingia kichwani. Ni kweli. Karatasi ni mimi niliyeichapisha. Kwa siku zote tatu zilizopita hakuna hata tone la Juu lililoingia kwenye tangi. Yale mabonge yote yalikuwa ya mstari wa kijani.

Jumatano, 3 Aprili

Niliwahi kufika kabla ya mtu yeyote, nikachukua nyakati za jana nikazipiga kwa vidole, kama mtoto wa darasa la pili.

Taratibu alipakia debe la kwanza saa moja kasoro dakika kumi. Akaingia getini saa nne na dakika tano. Hizo ni saa tatu na robo. Kompyuta imeandika nne, nyekundu.

Umeme alipakia saa moja na dakika tano. Akaingia getini saa tano kasoro dakika tano. Hizo ni saa tatu na dakika hamsini. Kompyuta imeandika tatu, kijani.

Niliangalia mistari ile miwili hadi macho yakaanza kuniwasha. Nilidhani nimekosea kuingiza, nikarudi nyuma juzi, na siku ya kabla yake, na wiki ya mwanzo. Kila siku ya mvua ni vile vile. Aliyechelewa zaidi ni kijani, aliyewahi ni mwekundu.

Ndipo nikafungua kanuni aliyoiandika fundi wa soda. Ni mstari mmoja tu. Ameiamuru mashine itoe tofauti ya nyakati mbili kwa saa, na mashine, kwa utii wake wa kipumbavu, haiangalii dakika hata moja. Inachofanya ni kuhesabu mara ngapi saa mpya imeingia. Ukiondoka saa moja kasoro dakika moja, ukafika saa moja na dakika moja, mashine inasema umetembea saa nzima. Ukiondoka saa moja na dakika moja, ukafika saa mbili kasoro dakika moja, inasema hujatembea kabisa. Nilijaribu kwa safari za kubuni, nikiingiza na kufuta, na kila mara imenijibu hivyo hivyo bila haya.

Taratibu anaanza kabla ya saa moja. Kwa nini? Kwa sababu debe la kwanza ni la Shangazi, na Shangazi hajawahi kumngojesha mtu tangu azaliwe. Lori linapiga hatua mbili, saa moja inaingia, na papo hapo maziwa ya Shangazi yamekwisha zeeka kwa saa nzima. Kosa la watu wa Juu ni kuwahi.

Nilikaa na chuki yangu yote niliyomwekea mzee wa watu, sikujua niiweke wapi. Alipoingia na mabuti yake akaegemea meza, nilimvutia kiti.

"Leo kuna nini?" akauliza. "Nimekufa?"

"Kaa tu, baba."

Akakaa pembeni kabisa ya kiti ili asikichafue. Sikumweleza kitu. Nilitaka kwanza kulimaliza na wakubwa. Sasa usiku huu najiuliza kwa nini sikumweleza, na jibu ninalolipata silipendi: niliona aibu kukiri mbele ya dereva kwamba karatasi zangu ni takataka.

Ijumaa, 5 Aprili

Meneja yuko safarini. Nyekundu. Yamemwagwa mbele yangu, meupe safi, hata povu halijatulia.

Jumatatu, 8 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda kwanza kwa Mpimaji, kwa furaha, kama mtu aliyeokota kitu cha rafiki yake. Nilimwonyesha karatasi, nikamweleza habari ya saa kuingia na dakika kupuuzwa. Alikuwa akisuuza vikombe vyake vya kupimia. Hakugeuka.

"Umechukua muda kuliona," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mimi nililiona mwaka jana," akaendelea. "Umeme alikuwa akianza saa moja kasorobo, akawa mwekundu kila mvua ikinyesha. Nikamwambia, wewe kaa, saa moja ikipita ndiyo upakie. Na ukiwa karibu na geti uangalie saa, uingie kabla haijagonga nyingine. Tangu siku hiyo hatujamwaga hata kikombe."

"Lakini yanakaa karibu saa nne. Yanafika yamechacha."

"Mengine yanafika hivyo."

"Na wewe unayapitisha."

Hapo aligeuka. Uso wake ulikuwa ule ule, wa sabuni na upole. "Yamo ya ng'ombe wangu humo. Ulitaka nijimwagie? Mdogo wangu, kosa sikulitengeneza mimi. Nimelikuta, nikalitumia. Mvua nayo hujaiumba, lakini maji yake unakinga."

Nilimsifu mwanamke huyu humu ndani kwa kucha zake. Nimerudi nyuma kusoma nilivyoandika, na ukurasa umenitia kinyaa kuliko mfereji. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na chetu kimevaa koti jeupe.

Nikaenda kwa Meneja. Alinisikiliza vizuri mno. Alichukua kalamu, akapiga hesabu mwenyewe pembeni ya gazeti, akaona. Nilimwona akiona. Kisha akaweka kalamu chini.

"Ripoti hizi nimempelekea mnunuzi tangu mwaka jana," alisema. "Leo nimwambie nini? Kwamba tulikuwa tunamwuzia mabovu na kumwaga mazima?"

"Ndiyo ukweli, Meneja."

"Ukweli una wakati wake. Mvua ziishe, tutamtafuta fundi. Kwa sasa wewe mwambie Taratibu awe anaondoka saa moja ikishapita. Asubiri kidogo tu, mambo yatakuwa kijani, kila mtu atafurahi."

"Asubiri na maziwa yamekwisha kamuliwa?"

"Asubiri nayo."

Yaani tuyacheleweshe yawe mabichi. Mtu mwenye shahada ukutani, amevaa tai, ananiambia maziwa yakikaa zaidi yanakuwa hayajakaa. Wala si kwamba hajui. Angekuwa hajui ningemhurumia.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimemweleza Taratibu kila kitu, kuanzia fundi hadi amri ya kusubiri. Alisikiliza akitazama mikono yake.

"Kwa hiyo nikae na lori limezimwa, madebe yamesimama barabarani, niangalie saa."

"Dakika kumi na mbili tu, baba. Saa moja ikipita unapakia."

"Na watu wa vituo vya mbele wanangoja kwenye mvua."

"Ndiyo."

"Sasa mimi nikimwambia yule shangazi yako kwamba maziwa yake yangoje kwanza ndiyo yatakuwa hayajangoja, ataniona nimelewa." Akainuka. "Mimi nitaendesha. Nyinyi mwageni. Kila mtu afanye kazi anayoiweza."

Nilikasirika naye, kisha nikajikasirikia. Mzee alikuwa na haki ya kukataa upuuzi. Mwenye ufunguo wa kanuni ni mimi, na mimi ndiye ninayeogopa kuugeuza.

Alhamisi, 18 Aprili

Wiki nzima nyekundu. Leo Shangazi amepokea simu, nadhani kwa bahati mbaya. Meneja alikuwa mlangoni, anajifanya anatafuta faili, kwa hiyo sikuweza kusema wazi.

"Shangazi, asubuhi chelewa kidogo."

"Nifanye nini?"

"Debe usilitoe mapema. Ngoja saa moja ipite. Tafadhali, nitakueleza baadaye."

Nilisikia mvua ya kwake ikipiga bati.

"Ni wewe unayeniambia hivyo?"

"Ni mimi, Shangazi."

"Haya. Nimesikia."

Akakata. Nilijipongeza kwamba amekubali.

Jumamosi, 20 Aprili

Asubuhi ujumbe wa Taratibu ulikuja saa ile ile, saa moja kasoro dakika kumi. Kwa hiyo Shangazi hakunisikiliza. Ila kwenye orodha ya mapokezi mstari wa debe lake ulikuwa mtupu, na Taratibu anasema hakumkuta barabarani, akapakia la jirani. Nadhani ni mgonjwa, au amenuna. Kesho nitapiga.

Jumatatu, 22 Aprili

Meneja alitutangazia saa mbili asubuhi kwamba mkaguzi wa mnunuzi yuko njiani, kwa ajili ya lile tangi. Alikuwa ameamuru mfereji umwagiwe dawa, na sasa palinuka maziwa mabovu na dawa pamoja. Mgeni njoo mwenyeji apone, nilijisemea, nikafunga mlango wangu.

Ilinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji. Nilifuta neno la fundi, nikaiambia mashine ihesabu dakika. Kikomo nikakiweka dakika mia mbili na kumi, ambazo ndizo zile saa tatu na nusu za ukutani. Nilikosea mara mbili. Yote haya nilikuwa naweza kuyafanya tangu tarehe tatu. Hilo nalo naliandika, likae hapa.

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye mabuti ya mpira, hana maneno. Malori yote mawili yalipoingia nikachapisha karatasi, na badala ya kumpa Meneja nikampa yeye mkononi.

Juu kijani. Bondeni nyekundu.

Meneja aliichungulia begani kwake, akapauka. "Kuna hitilafu leo. Huwa ni kinyume."

"Fungua," mkaguzi alimwambia Umeme.

Kifuniko cha debe la kwanza la Bondeni kilipoinuliwa hakuhitaji kikombe cha kupimia. Aligeuza uso. Akafungua la pili, la tatu, kisha akavuka upande wa Taratibu, akainamia debe moja akanusa kwa muda, akanusa la pili. "Haya yapelekwe kwenye tangi. Yale ya kule yamwagwe." Akamgeukia Mpimaji. "Wewe ndiye unayepima?"

"Ndiye mimi."

"Basi mwaga wewe."

Akamwaga. Debe moja baada ya jingine, mpaka koti likapata rangi ya maziwa yaliyochacha, ambayo kumbe si nyeupe. Nilikuwa nimeingojea saa hiyo wiki mbili, nikidhani nitafurahi. Sikufurahi, maana hata maziwa mabovu ni ya mtu aliyeamka akakamua, na watu wa Bondeni wengi hawakujua lolote.

Taratibu alisimama mvuani na kofia mkononi, akiangalia madebe yake yakiingia ndani. Hakusema amemshukuru Mungu wala nini. Alijifuta uso na kofia ile ile chafu, na safari hii sikuona uchafu.

Jumanne, 23 Aprili

Meneja ameita kikao. Ametangaza kwamba "baada ya uchunguzi wa kina wa uongozi" mfumo umeboreshwa, na njia ya Juu haitafungwa. Alinipa mkono mbele ya watu. Nilikwenda kunawa.

Mpimaji amehamishiwa sehemu ya vifungashio. Amenipita ukumbini akaniambia, kwa sauti ile ile ya upole, "Umefurahi sasa?"

Shangazi hapokei simu. Nitakwenda Jumapili kumpa habari mwenyewe.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua zimekwisha. Nilipanda Juu na lori la Taratibu, alinifutia kiti cha mbele kwa shati lake. Njia nzima nilikuwa najipangia maneno: nitaanza na fundi, nitamalizia na Mpimaji na madebe. Nilitaka kumwona Shangazi akicheka.

Alikuwa amekaa kizingitini, jua limekwisha panda. Sijapata kumkuta amekaa saa kama ile. Nilimwamkia, akaitikia, nikazunguka nyuma kwenye zizi kwa mazoea ya utotoni. Zizi lilikuwa limefagiliwa.

"Wako wapi?"

"Nimewauza. Ijumaa ile."

"Ijumaa ipi, Shangazi?"

"Kesho yake, baada ya wewe kunipigia simu." Alisema bila kinyongo, kama anayenieleza bei ya sukari. "Nilikaa nikawaza. Nikasema, mtoto niliyemlea mimi, tena anayefanya kazi huko huko ndani, leo ananiambia nichelewe. Basi mambo yamekwisha, maziwa yangu hayatakiwi tena, ananificha tu. Aliyekuja kuwachukua ni mwenzako, yule wa koti jeupe. Mwanamke mpole. Alisema ananionea huruma, huku Juu maziwa hayana soko."

Nilikaa chini, pale pale kwenye udongo. Ijumaa wameshuka Bondeni. Jumatatu maziwa yao yalikuwa ndani ya yale madebe, na karatasi iliyoyamwaga niliitoa mimi.

Nilimweleza yote. Nilimweleza vibaya, nikirudi nyuma na kuruka mbele, lakini Shangazi ana akili, hakuniuliza habari ya mashine wala fundi. Alingoja nikanyamaza.

"Kwa hiyo ningelala kidogo, yangekuwa mazuri."

"Ndiyo, Shangazi."

"Kidogo kiasi gani?"

"Dakika kumi na mbili."

Alilitazama zizi. Kuku alikuwa akiparua mahali ng'ombe walipokuwa wakilala.

"Basi nilikulea vibaya," alisema. "Miaka yote ile nilikuwa nakuamsha mapema."

Akainuka kwa kushika magoti, akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa na vikombe viwili vya chai ya rangi, akaniomba radhi kwamba maziwa hana.